Ngao Nzito, Ngao Nyepesi: Ipi Itakuokoa?

Hebu jiulize swali hili kwanza. Ukiambiwa leo uchague ngao ya kwendea vitani, utachukua ipi: ya ngozi, ya mbao au ya chuma? Najua wengi mtapaza sauti, "Chuma!" Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka likizo ya Agosti iliponifunza kwamba ngao ina bei mbili: bei ya kuinunua na bei ya kuibeba.

Haya nilijifunza katika mchezo. Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka wa 1974. Hauna mpira wala skrini. Mtu mmoja huwa msimulizi, na wengine kila mmoja hujibunia shujaa wake na kuandika kwenye karatasi nguvu zake, silaha zake na mali yake. Msimulizi akisema, "Mmefika kwenye daraja bovu," nanyi mnasema mtafanya nini. Jambo likiwa la hatari, hurushwa dadu yenye nyuso 20. Binamu yetu ndiye aliyetuchapishia kanuni za toleo la tatu, lile la mwaka wa 2000 lililorekebishwa 2003. Dadu yenyewe hatukuwa nayo, kwa hivyo tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavitia mkebeni, tukawa tunachomoa bila kuangalia.

Sasa tuje kwenye ngao. Mtu wa kawaida asiye na kinga yoyote ana alama 10 za ulinzi. Adui akitaka kumpiga, lazima dadu yake pamoja na nyongeza ya ustadi wake ifike 10. Ngao huongeza alama hizo. Kwa kuwa dadu ina nyuso 20, kila alama unayoongeza humnyima adui nafasi moja kati ya 20, yaani asilimia 5.

Ngao ndogo ya mbao ina uzito wa ratili 5, kama kilo 2.3 hivi, na ndogo ya chuma ni ratili 6. Zote mbili huongeza alama 1. Ngao kubwa ya mbao ni ratili 10, yaani kilo 4.5, na kubwa ya chuma ni ratili 15, karibu kilo 7. Zote mbili huongeza alama 2. Umeona ajabu hiyo? Mbao na chuma hukinga sawasawa! Niliposoma hapo nilidhani aliyechapa alikosea.

Kumbe hakukosea. Ngao hukinga kwa kuwa imekaa kati yako na upanga. Tofauti ni itaendelea kukaa hapo kwa muda gani. Kuna maadui ambao hawakupigi wewe, wanaipiga ngao yenyewe ili waivunje. Hapo ndipo ugumu huhesabiwa: ngozi ina 2, mbao 5, chuma 10. Ugumu huo huondolewa katika kila pigo. Tuseme shoka limepiga kwa nguvu ya 11. Ngao ya mbao hupoteza 11 toa 5, yaani 6. Ngao kubwa ya mbao ina uhai wa 15, kwa hivyo pigo la tatu kama hilo linaimaliza. Ya chuma hupoteza 1 tu kila pigo, na uhai wake ni 20. Itahimili mapigo 19 na kuvunjika kwa la 20. Basi ratili 5 zile za ziada si za bure.

Wenye pesa wana njia nyingine. Upo mti wa kubuni wenye mbao nyeusi na madini yanayoitwa mithrili, jina lililotokana na vitabu vya J.R.R. Tolkien. Vyote viwili huwa na nusu ya uzito wa kawaida, na mithrili ina ugumu wa 15. Lakini ngao kubwa ya mithrili ni sarafu 1,020 za dhahabu, na ya chuma ni 20 tu. Wepesi pia hununuliwa!

Mimi sikutaka hayo yote. Nilichukua ngao ndefu, ile inayokaribia kimo cha mtu. Bei yake ni sarafu 30, nayo huongeza alama 4. Uzito ni ratili 45, zaidi kidogo ya kilo 20, sawa na mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa. Mtungi huo nauchota kila Jumamosi na mabega yangu yanaujua vizuri, lakini kwenye karatasi niliona ni namba tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na shujaa wangu ndiye aliyekuwa mwenzio.

Dada yangu mdogo, wa Gredi ya Saba, alichagua druidi, yaani mlinzi wa misitu ambaye amekatazwa ngao za chuma. Alikuwa na ngao ndogo ya mbao. Nilimcheka.

Tukafika kwenye lile daraja. Likakatika, druidi akaanguka mtoni. Dada akachomoa karatasi: 4. Maji yakaanza kumchukua. Nikasema, "Naruka!" Binamu akafungua kanuni. Kila ngao ina kikwazo kwa kupanda na kuruka: ndogo 1, kubwa 2, ndefu 10, na kwenye kuogelea kikwazo hicho ni mara mbili. Nguvu zangu ziliniongezea 3. Hata ningechomoa 20, ni 20 na 3 toa 20: ningebaki na 3. Maji matulivu huhitaji 10, na haya hayakuwa matulivu.

"Itupe ngao, basi," binamu akaniambia.

Nikasita. Nilifikiria zile sarafu 30, nikafikiria maadui wa ng'ambo. Nikasema, "Ngojeni nifikirie kidogo." Mto haukungoja.

Dada akakunja karatasi ya druidi wake mara nne. Akasema, "Umeniacha kwa sababu ya ngao ya karatasi." Akaenda jikoni kwa mama, na wiki ile hakucheza tena. Tena hakuwa na makosa, kwa maana hata mimi nilijiuliza: kama ngao ya kuandikwa ilinishinda kuitupa, ingekuwa ya kweli je?

Siku hizi nikiona ngao iliyo kwenye bendera yetu, ile ya Kimaasai, sioni picha tu. Wamaasai walitengeneza ngao kwa ngozi ya nyati. Kwa hesabu za mchezo wetu, ngozi ndiyo dhaifu kuliko mbao na chuma. Lakini anayetembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe ana vita na ana safari pia, na huenda kuna mto wa kuvuka.

Kwa hivyo ukiniuliza ipi bora, nitakuuliza kwanza: unaenda wapi, na unaenda na nani? Anayelinda mlango achukue ile ndefu. Anayesafiri na wenzake achukue ngao ambayo anaweza kuogelea nayo, au ambayo hatalia akiitupa.

Dada amekubali tucheza tena Desemba, lakini kwa sharti moja: ngao yangu ataichagua yeye. Ameshaniandikia kubwa ya mbao, sarafu 7, ratili 10.