TAARIFA KUHUSU UPIMAJI WA KINGA KATIKA UCHENJUAJI WA DHAHABU

Wananchi na watumishi wanafahamishwa kwamba Mpanda, mkoani Katavi, ni miongoni mwa maeneo ambako dhahabu huchenjuliwa kwa sianidi. Chokaa ikipungua katika mchanganyiko huo, gesi ya sumu huweza kutoka.

Tuchukue mfano: chokaa hupungua mara 1 katika miaka 10. Kinga ni tatu: pampu ya akiba, feni na king'ora. Kila moja ikishindwa mara 1 katika 10, ajali hutarajiwa mara 1 katika miaka 10,000. King'ora kikishindwa mara 5 katika 10, miaka hushuka hadi 2,000. Pampu na feni zikitegemea umeme uleule, huhesabiwa kinga moja: miaka 1,000 tu.

Wahusika wanaombwa kubadilisha kadirio moja moja. Linalotikisa jibu zaidi ndilo likaguliwe kwanza.