Jamaa wa Nyegere Aliyekwenda Mbio

Nyegere ni mnyama ajulikanaye sana katika Afrika ya Mashariki. Mgongo wake una rangi ya majivu, tumbo lake ni jeusi, na miguu yake ni mifupi, yenye kucha ndefu za kuchimbia. Hupenda sana asali, tena ni shujaa asiyeogopa hata simba. Kicheche na fisi-maji ni jamaa zake, nao pia wana miguu mifupi. Mtu akiwaona hao hawezi kudhani kwamba zamani jamaa yao mmoja alikuwa na kimo cha chui, naye ni hodari wa kukimbia.

Mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 6 iliyopita. Mifupa yake ilionekana Lothagam, mahali penye vilima magharibi ya Ziwa Turkana, katika Kenya. Leo nchi ile ni kavu, yenye mawe, jua kali na mvua haba. Lakini siku zile mto mkubwa ulipita hapo. Kandokando yake palikuwa na miti, na mbele ya miti palikuwa na mbuga za majani. Viboko na mamba walikaa mtoni. Malishoni walikuwako tembo, twiga, na farasi wenye vidole vitatu katika kila mguu. Walikuwako pia fisi, na paka mkubwa kama simba, mwenye meno marefu kama majambia.

Tangu mwaka 1989 hata 1993, wataalamu walioongozwa na Meave Leakey waliichunguza nchi ya Lothagam. Katika mifupa iliyopatikana huko, ilikuwamo ya mnyama huyu, karibu mwili mzima, jambo ambalo ni nadra sana. Mwaka 2003 mtaalamu Lars Werdelin alieleza habari zake, akampa jina la Ekorus ekakeran. Maneno hayo yametoka katika lugha ya Waturkana: la kwanza lina maana ya nyegere, na la pili lina maana ya kukimbia.

Je, ilijulikanaje kwamba alikimbia, na hapana mtu aliyemwona? Mifupa yenyewe ndiyo iliyoshuhudia. Miguu yake ni mirefu, nayo imeumbwa kama ya chui, si kama ya kicheche. Kimo chake begani kilikuwa sentimeta 60 hivi, yaani mara mbili ya nyegere wa leo, na uzito wake hukadiriwa kuwa kilo 44. Uso wake ulikuwa mfupi, na meno yake yalikuwa ya kukatia nyama, kama ya paka na fisi. Basi miguu yasema, "Huyu alikwenda mbio," na meno yasema, "Chakula chake kilikuwa nyama."

Na umri wake je? Mfupa hauna tarehe iliyoandikwa juu yake. Lakini zamani milima ya moto ilitupa majivu, yakaifunika nchi, kisha mto ukaleta mchanga juu yake, na baadaye yakaja majivu mengine. Wataalamu waweza kupima umri wa majivu hayo. Mfupa uliolala kati ya matabaka mawili ya majivu si wa kale kuliko lile la chini, wala si mpya kuliko lile la juu.

Kwa sababu hiyo, mahali ulipolala mfupa ni sehemu ya habari zake. Mtu akiuokota na kwenda nao nyumbani kuwa pambo, amebaki na jiwe tu, na umri wake umepotea. Mchunga mbuzi aonaye mfupa uliogeuka jiwe afadhali auache palepale, apatie alama mahali pale, kisha ampashe habari mwalimu wake, ili watu wa makumbusho wapate kujua.

Mifupa ya Ekorus imehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Mwenyewe ametoweka kabisa. Ukubwa wake haukumponya, wala mbio zake. Lakini nyegere, jamaa yake mdogo mwenye miguu mifupi, yu hai mpaka leo, na usiku hutoka shimoni mwake kutafuta chakula.