Kubadili Mita za Pikipiki: Je, Mshale Husema Kweli?

Munanila iko katika nyanda za juu za Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012. Mtu anayetoka huko kwa pikipiki kwenda Kasulu, kisha Kibondo, hupanda na kushuka vilima vingi. Katika safari hiyo hutegemea mita mbili zilizo mbele ya usukani: ya mwendo na ya mafuta. Mita hizo zikichakaa, wenye pikipiki wengi hununua mpya, hasa zile za tarakimu. Hata hivyo, mita mpya si lazima iwe mita sahihi.

Mwendo hupimwaje?

Mita ya mwendo ya mshale hutumia njia ambayo Otto Schulze aliipatia hataza huko Ujerumani mwaka 1902. Waya uliomo ndani ya ala huzungushwa na gia ya gurudumu la mbele, nao huzungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini, lakini haigusani nacho. Alumini hainaswi na sumaku kama chuma kinavyonaswa. Lakini sumaku inapozunguka, huzusha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Mikondo hiyo hukisukuma kikombe kifuate mzunguko wa sumaku, na kamani nyembamba, mfano wa ile ya saa, hukizuia. Nguvu hizo mbili zikilingana, mshale hutulia.

Mita ya tarakimu haihitaji waya huo. Katika aina nyingi, sumaku iliyofungwa kwenye gurudumu hupita mbele ya kihisio, na kila mzunguko huleta pigo moja la umeme. Mita huhesabu mapigo na kuyazidisha kwa mzingo wa tairi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mita zote mbili haziioni barabara. Huhesabu mizunguko tu.

Kosa la mzingo

Tuseme mita imetengenezwa kwa tairi ya 2.75-17, yenye mzingo wa meta 1.80 hivi, nayo ikafungwa kwenye pikipiki yenye tairi ya 3.00-18, ambayo mzingo wake ni meta 1.92 hivi. Mita ikionyesha kilometa 50 kwa saa, mwendo halisi ni 50 × 1.92 ÷ 1.80, yaani kilometa 53 na zaidi. Tofauti huonekana ndogo. Lakini nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Hivyo umbali unaohitajika kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kwa asilimia 14 hivi. Kwenye mteremko wenye watoto wa shule, meta hizo chache zaweza kuwa uhai wa mtu.

Mita ya mafuta

Ndani ya tangi mna boya lililoshikwa na mkono mwembamba. Boya likishuka, mkono hubadili ukinzani wa umeme, na mita hutafsiri badiliko hilo kuwa kiasi cha mafuta. Viwanda havitumii kiwango kimoja cha ukinzani. Mita ya kiwanda kimoja ikiunganishwa na boya la kingine, yaweza kuonyesha nusu ya tangi ilhali tangi ni tupu. Aidha, mlimani tangi huinama na mafuta hukimbilia upande mmoja. Kwa hiyo isomwe pikipiki ikiwa mahali tambarare.

Jaribio la wanafunzi

Kwanza, itiwe alama ya chaki kwenye tairi inayopimwa na mita, na nyingine chini yake. Mpanda pikipiki akiwa ameketi, kwa kuwa uzito wake huibonyeza tairi, pikipiki isukumwe polepole hadi alama ya tairi irudi chini. Umbali huo ndio mzingo wa kuingizwa kwenye mita ya tarakimu.

Pili, ipimwe kilometa moja ya barabara tambarare na tulivu kwa utepe wa meta 50, mara 20. Mwendeshaji mwenye leseni apite hapo mita ikionyesha 40 daima, na abiria wake apime muda kwa saa. Mwendo halisi ni 3600 ukigawanywa kwa idadi ya sekunde. Sekunde 90 zaonyesha kuwa mita ni sahihi. Sekunde 84 zaonyesha kuwa mwendo halisi ni karibu 43, na mita inadanganya.

Tatu, tangi likaushwe, kisha mafuta yamiminwe lita moja moja, na kila hatua ya mita iandikwe.

Mita inayozidisha kidogo humchelewesha msafiri, inayopunguza humhatarisha. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za vyombo vya moto hukataza mita kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi. Mwenye pikipiki aliyekwisha nunua mita mpya amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuipima.