Spea rahisi, kazi ghali: Hesabu ya kuhamisha breki za diski

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa vipuri anayepanga bei kwa kuangalia kifaa kimoja tu kilichoko mkononi, mara nyingi huuza leo na kurudishiwa mzigo kesho. Mfano mzuri upo katika soko la magari ya zamani nchini Marekani. Huko, kwa miaka mingi, wenye magari ya Ford Mustang ya mwaka 1979 hadi 1993 wamekuwa wakivua breki za dramu za nyuma na kufunga za diski zilizotoka katika Mustang za mwaka 1994 na kuendelea.

Kwa juu juu biashara hiyo inaonekana nyepesi. Magari yote mawili ni ya kampuni moja na yana jina moja. Yale ya injini ya V8 ya kuanzia mwaka 1986 yana difu ya inchi 8.8, na aina hiyo ya difu iliendelea katika V8 za toleo jipya. Kalipa na diski zilizotumika hupatikana kwa bei ya chini. Hata hivyo, anayefuata hesabu hadi mwisho hukuta kwamba kalipa ni sehemu ndogo tu ya gharama.

Soko lilivyozaliwa

Mustang za kipindi kile ziliuzwa zikiwa na diski mbele na dramu za inchi 9 nyuma. Ford yenyewe ilionyesha kuwa gari hilo linaweza kubeba diski magurudumu yote manne ilipotoa toleo la SVO mwaka 1984 hadi 1986, lakini magari hayo hayakufika 10,000. Toleo la Cobra la mwaka 1993 nalo lilikuwa na diski nyuma, na nalo lilikuwa la idadi ndogo. Mahitaji yalikuwapo, mali ndiyo iliyokosekana.

Hali ilibadilika kuanzia toleo la mwaka 1994, ambapo kila Mustang ilitoka kiwandani na diski nne. Toleo hilo lilidumu hadi mwaka 2004. Magari hayo yalipoanza kugongwa na kuchakaa, yadi zilijaa vipuri ambavyo wenye magari ya zamani walikuwa wakivitamani.

Yadi nyingi za Marekani huendeshwa kwa mtindo wa jihudumie. Mteja hulipa kiingilio kidogo, huingia na spana zake, hufungua kifaa mwenyewe na kukipeleka kwa keshia. Bei hupangwa kwa aina ya kifaa, si kwa jina la gari. Kalipa ya gari la michezo inaweza kulipiwa sawa na kalipa ya gari dogo la familia. Mnunuzi mjuzi hupata faida hapo, kwa sababu anajua thamani ambayo orodha ya bei haiioneshi.

Nati nne, nati tano

Tatizo la kwanza liko kwenye nati za gurudumu. Mustang za zamani, ukiacha SVO na matoleo mengine machache, zina nati nne kwenye duara la milimita 108. Zile za mwaka 1994 na kuendelea zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu ya moja haiingii kwa nyingine.

Njia ya kukwepa tatizo hilo ipo. Ford Thunderbird Turbo Coupe ya mwaka 1987 na 1988 ilikuwa na diski nyuma, difu ya inchi 8.8, na nati zile zile nne. Anayetumia breki hizo hubaki na rimu zake na haigusi sehemu ya mbele. Lakini gari hilo lilitengenezwa na breki hizo kwa miaka miwili tu, na walioziwahi waliziwahi. Kipuri kisicho na usumbufu ni adimu, na kile kilichojaa sokoni kinadai gari zima libadilishwe.

Gharama zinavyofuatana

Anayechagua nati tano hujikuta katika mlolongo ufuatao. Ekseli za ndani lazima zibadilishwe. Zile za mwaka 1994 hadi 1998 ni ndefu kwa karibu milimita 19 kila upande, hivyo gurudumu husogea nje na tairi pana linaweza kugusa bodi.

Kuchomoa ekseli hizo kunataka difu ifunguliwe, kwa sababu zimezuiwa kwa klipu zilizoko ndani yake. Mafuta ya difu humwagwa, na fundi mwangalifu hubadilisha sili na kukagua beringi papo hapo. Baada ya nyuma kuwa na nati tano, mbele nako lazima kufuate. Kisha huja rimu nne na ya akiba.

Breki ya mkono nayo ina habari yake. Kwenye dramu, kebo huvuta viatu vya breki. Kwenye diski za Mustang, kebo huvuta mkono ulioko kwenye kalipa, kwa hiyo kebo ya zamani haifai. Pistoni ya kalipa hizo hurudishwa ndani kwa kuzungushwa. Fundi akiisukuma kwa nguvu ataiharibu, na kalipa iliyonunuliwa kwa bei rahisi itageuka chuma chakavu.

Dhamana ya kifaa cha zamani

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni dhamana. Nchini Marekani, anayenunua kalipa iliyofanyiwa ukarabati kiwandani hutozwa fedha za ziada, ambazo hurudishiwa akileta kalipa ya zamani ya aina hiyo. Mwenye gari la dramu hana cha kurudisha, hivyo fedha hizo humpotea.

Wanaojua mchezo huenda yadi kwanza, wakanunua kalipa mbovu kwa bei ya orodha, kisha wakaipeleka dukani kudai dhamana. Kwa hiyo kalipa iliyoganda kabisa bado ina thamani, na yadi inayoitupa kwenye skrepa inatupa fedha.

Je, gari linasimama vizuri zaidi?

Hapa ndipo muuzaji anapopaswa kuwa mkweli kwa mteja. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele, na breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kubadilisha za nyuma peke yake hakupunguzi sana umbali wa kusimama kwa breki ya mara moja. Faida ya diski huonekana breki zinapotumika mfululizo, kama vile kwenye mteremko mrefu, kwa kuwa diski hupoa haraka kuliko dramu. Vilevile hurejea upesi katika hali yake baada ya kupita kwenye maji, na pedi zake ni rahisi kubadilisha.

Hatari ipo kwenye mgawanyo wa presha. Masta silinda na vali vya gari la zamani vilipangwa kwa ajili ya dramu. Kalipa huhitaji mafuta mengi zaidi ya breki, na masta silinda ndogo inaweza kufanya pedali izame. Vali isiyorekebishwa inaweza kuzinyima diski presha. Ikifunguliwa kupita kiasi, magurudumu ya nyuma hujifunga kabla ya mbele, na gari huzunguka barabarani. Ndiyo sababu kazi kamili hujumuisha masta silinda inayolingana na vali ya kurekebisha, ikifuatiwa na majaribio mahali pasipo na magari. Anayeacha hatua hiyo ili kupunguza gharama anauza ajali.

Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo ni za kukokotolea tu, si bei za soko. Chukulia kalipa na diski za nyuma zinagharimu 100. Weka ekseli 80, sehemu za mbele 150, rimu 300, masta silinda na vali 90, kebo, pedi, sili na mafuta 80, na ufundi 200. Jumla ni 1,000.

Mteja anayebishana hadi akapunguziwa asilimia 20 ya kalipa ameokoa 20 katika 1,000, yaani asilimia 2. Mwenzake ambaye tayari ana rimu za nati tano ameokoa asilimia 30 bila kubishana na mtu.

Kwa hesabu hiyo, wako wanaoona heri kununua gari zima lililogongwa. Lililoumia mbele huwa na difu na breki za nyuma salama, ingawa vitovu vya magurudumu ya mbele vinaweza kuwa vimepinda. Anayelinunua huchukua anachohitaji pamoja na rimu, akauza kinachobaki ili kupunguza gharama.

Somo kwa wauzaji

Mlolongo huu unawahusu pia wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako vipuri vilivyotumika kutoka Japani na nchi za Ghuba huuzwa kila siku. Magari ya jina moja huweza kutofautiana kwa breki, idadi ya nati na urefu wa ekseli kutokana na daraja au mwaka wa gari. Jina lililoandikwa nyuma ya buti halitoshi kuwa kipimo.

Kabla ya kupokea fedha, muuzaji anufaike kwa kuuliza mambo matano: idadi ya nati na upana wa duara lake, urefu wa ekseli, aina ya breki ya mkono, masta silinda iliyopo, na kama rimu za mteja zitapita juu ya kalipa. Anayeuza seti kamili, pamoja na vishikio, kebo na boliti zake, anaweza kudai bei ya juu kuliko anayeuza vipande, na mteja wake harudi na malalamiko.

Mwenye gari naye afanye jumla kabla ya kununua kifaa cha kwanza, na aijulishe kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko hayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya breki, kinachoweza kupotea si mali peke yake.