Pamba baraza yako kwa ndoo kuukuu, lakini chunga rangi

Ikiwa unaishi katika nyumba ya kupanga mjini Kitengela, bila shaka unajua hali ilivyo: sakafu ya saruji, ukuta wa mawe, vumbi la barabarani na jua lisilo na huruma. Maua machache barazani huituliza nafsi na kuwapa watoto kitu cha kutunza. Vyungu vya dukani ni ghali, na ndiyo maana wengi hujitengenezea vyao kwa ndoo na madebe yaliyotupwa, kisha wakavipaka rangi. Ni jambo la kupongezwa. Lakini kumbuka kwamba kila chombo kilichotupwa kilikuwa na kitu ndani yake.

Kilichokuwamo ndicho cha kuuliza kwanza. Kajiado ni nchi ya mifugo. Dawa za kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, pamoja na zile zinyunyizwazo nyanya na vitunguu huko Loitokitok, huuzwa katika vyombo vya plastiki imara vyenye sura ya kuvutia. Usivitumie kamwe, hata kwa maua, hata ukivisuuza mara 10. Baadhi ya dawa hizo hudhuru neva, na mtoto anayechezea udongo huo hutia mkono kinywani bila kufikiri.

Makasha ya betri za magari pia yaache yalipo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa sababu ya risasi kutoka kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu nao. Phyllis Omido, aliyewapigania, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Chombo kinachofaa kupita vyote ni mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa na mafuta ya kupikia. Ukate sehemu ya juu, uoshe kwa maji moto na sabuni, kisha utoboe matundu matano au sita chini. Ukitumia debe la bati, kunja ukingo kwa koleo, kwani bati lililokatwa hukata kidole vibaya. Na kwa vile Kitengela haiishi ujenzi, utapata ndoo tupu za rangi kwa mafundi. Hizo nazo zinafaa, ila ziwe za maua peke yake. Sukuma wiki na dania zipande katika chombo kilichokuwa na chakula.

Sasa rangi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa rangi ya bei ya chini iliyobaki kwenye kopo kuukuu huonekana kama bahati. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa nyekundu na njano zinazong'aa, zilichanganywa na madini ya risasi. Madini haya yakiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo na uwezo wake wa kujifunza, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kwa hivyo nunua rangi ya maji ya nje ya nyumba, iliyoandikwa kwamba haina risasi. Lita moja hutosha ndoo 10 hivi kwa mikono miwili, basi mnaweza kuchanga na jirani. Haihitaji tapentaini, brashi huoshwa kwa maji.

Plastiki haishiki rangi ikiwa laini. Isugue kwa msasa, ifute vumbi na uiache ikauke. Ikiwa chombo kina rangi kuukuu usiyoijua, usikisugue kikavu, maana vumbi lake ndilo lenye madhara, tafuta kingine. Paka upande wa nje tu, mahali penye hewa, mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili. Mama mjamzito asishiriki kazi ya kusugua.

Kuhusu mapambo, sioni haja ya kuiga picha za ng'ambo. Rangi za shanga za Kimaasai, nyekundu, nyeupe na buluu, zikipangwa kwa mistari ya pembe, zatosha kabisa. Anza na nyeupe kwa chini, kwani ndoo nyeusi katika jua la Kajiado huchemsha mizizi. Huenda umeona kazi za vioo kuukuu za Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze mwaka 1979, ukatamani kubandika vipande vya chupa. Basi usivunje chupa mahali watoto wanapocheza.

Udongo mweusi wa huku hushikana na kupasuka, hivyo uchanganye na mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza. Maji ni ya kununua kwa wengi wetu. Yale uliyooshea mboga yanafaa. Panda shubiri, ambayo hustahimili kiu. Epuka mnyaa ikiwa una watoto, kwa kuwa utomvu wake mweupe huumiza macho. Ukimrukia mtu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na umpeleke hospitalini.

Kwa wanaoishi ghorofani, ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufikia kilo 25 au zaidi. Haifai kuwekwa juu ya ukingo wa roshani, wala chini karibu nao, maana mtoto huipanda na kuchungulia.

Visahani vya kukinga maji navyo ni makao ya mbu. Aedes, aenezaye dengi na chikungunya, hutaga katika maji hayo machache, na mbu wapya huruka baada ya wiki moja hivi. Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayependa vyombo vya maji mijini, aligunduliwa Marsabit mwaka 2022. Mwaga maji ya visahani na uvisugue kila Jumamosi, au uvijaze mchanga.