Dada wa kiwandani, sheria inasema wewe si kibarua milele

Kabla jua halijachomoza, reli inayokatiza Kibera hugeuka njia ya miguu. Akina dada huifuata kuelekea Industrial Area, huku wenzao wa Kawangware wakishika Barabara ya Ngong. Nauli ikitolewa kwenye malipo ya siku, kinachobaki hakitoshi unga na kodi.

Wengi huenda kusimama getini. Ukiitwa, umepata. Ukikosa, unarudi na mguu.

Hali hii ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20, blauzi za New York zilishonwa na mabinti wahamiaji. Novemba 1909, Clara Lemlich, mwenye umri wa miaka 23, aliitisha mgomo na takriban wafanyakazi 20,000 wakaacha cherehani. Kiwanda cha Triangle kilikataa kutambua chama chao.

Machi 25, 1911, moto ulizuka humo. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Watu 146 walikufa, 123 kati yao wanawake. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa. Lakini hasira ya umma ililazimisha New York kurekebisha sheria za kazi.

Kwetu, sheria ya EPZ ya 1990 na soko la Marekani lililofunguliwa na AGOA mwaka wa 2000 zilileta viwanda vya nguo Athi River na Ruaraka. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Januari 2003, siku chache baada ya Mwai Kibaki kuapishwa, maelfu waligoma wakilalamikia malipo duni na saa nyingi za kazi.

Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria mpya. Leo, mlango wa kiwanda hauruhusiwi kufungwa namna ya kuwazuia walio ndani kutoka upesi. Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili. Awali ilikuwa miezi 2, na ukiichukua unapoteza likizo ya mwaka.

Kubwa zaidi kwa anayesimama getini ni hili: ukifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, unahesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Kukuachisha kunahitaji notisi ya siku 28.

Shida ni kuthibitisha. Kwa hivyo andika kila siku unayoingia kazini, na usifute meseji za M-Pesa za malipo. Siku ukienda kwa afisa wa leba, hiyo ndiyo silaha yako.