'Kupunguza' hewa ukaa si kuipunguza

Juzi mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniletea kazi iliyonifanya nikune kichwa. Kaandika kwamba wanakemia "wanapunguza hewa ukaa kwa mwanga wa jua". Msomaji yeyote angedhani hewa hiyo imepungua angani. La hasha! Katika kemia, istilahi ile ya Kiingereza humaanisha kuipa molekuli elektroni.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mnamo 1983, Jean-Marie Lehn na wenzake huko Strasbourg, Ufaransa, walitumia changamano la reniamu, yaani atomu ya metali hiyo iliyozingirwa na molekuli nyingine zilizoshikamana nayo. Mwanga ukilipiga, changamano husisimka, huchukua elektroni kutoka kwa kemikali iliyo kando yake, kisha huipa hewa ukaa. Matokeo yake ni kaboni monoksaidi. Naam, ile ile sumu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa! Ila kiwandani, ikikutanishwa na hidrojeni, hutengenezewa mafuta.

Changamano hilo huitwa kichocheo, na hapa Kiswahili kimetufaa sana. Anayechochea moto haungui pamoja na kuni. Lakini kuni lazima ziwepo, au sivyo? Kuni hapa ni ile kemikali inayotoa elektroni, yenyewe huisha. Mwaka 2017 watafiti wa Paris, akiwemo Marc Robert, walipata hata methani kwa kutumia changamano la chuma, metali tele isiyo adimu kama reniamu. Huko nako mtoaji wa elektroni aliteketea. Majani ya mmea huzipata elektroni zake kutoka kwa maji. Maabara ikinunua kemikali ili izipate, bado haijaufikia ujanja wa jani.

Basi tafsiri ile si kosa dogo. Anayesoma kwamba hewa ukaa "imepunguzwa" ataamini tatizo la tabianchi limepata dawa, ilhali kilichopatikana ni hatua moja tu, tena yenye gharama yake. Kwa wasomaji wa kawaida napendekeza "kugeuza hewa ukaa". Darasani tuseme wazi "kuipa elektroni".

Mwanafunzi wangu alifuta neno lake, kisha akaniuliza, "Prof, hizo elektroni zimetoka wapi?" Hapo nikajua ameielewa makala.